Nilinunua Duka, Nikasahau Kununua Ujuzi

Ikiwa wewe au mwenzio mmelipwa kiinua mgongo hivi karibuni, na jioni mkikaa sebuleni hamzungumzi jingine ila kununua biashara iliyo tayari huko nyumbani, tafadhali punguza sauti ya televisheni unisikilize kidogo. Sina nia ya kukutisha. Nataka kukuonyesha gharama moja ambayo haikutajwa hata mara moja siku niliyokuwa nikihesabiwa bei ya duka, na ambayo ilikuja kumfanya kifungua mimba wangu akae nje ya chuo mwaka mzima.

Mimi ni mzaliwa wa Kitui, nikaolewa Makueni. Kwetu na kwa wakwe zangu tunatenganishwa na mto Athi tu, ingawa mwaitu hupenda kusema kwamba nilivuka bahari. Nilifanya kazi ya ukarani Nairobi kwa miaka 21, hadi ofisi yetu ilipopunguza wafanyakazi mwanzoni mwa mwaka wa 2018, nami nikawa mmoja wa waliopewa barua. Wenzangu wengine walinunua matatu, wengine ploti. Mimi nilikuwa na miaka 46 na sikuona nguvu ya kulea biashara changa inayotambaa. Nilitaka iliyokwisha kutembea.

Basi nikasikia kwamba mjini Wote kuna duka la kuku na chipsi linauzwa. Halikuwa duka la jina la mwenyewe. Lilikuwa na jina la kampuni ya Nairobi, rangi zake, viungo vyake vya kulowekea kuku, hata karatasi zake za kufungia. Mwenye duka huruhusiwa kutumia hayo yote, naye huilipa kampuni sehemu ya mauzo kila mwezi. Biashara ya namna hiyo huitwa fransaizi. Wakazi wa miji wameizoea hata kama jina hilo hawalijui: maduka ya Kenchic Inn, kwa mfano, yana wenyewe tofauti chini ya jina moja, na KFC ilipofungua mlango Nairobi mwaka wa 2011 ilikuja kwa mtindo uo huo. Kampuni yangu haikuwa hata moja kati ya hizo mbili, na sitaitaja.

Muuzaji alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Aliniambia amechoka, anataka kupumzika.

"Mama, hapa huna la kujifunza," alisema. "Mpishi anajua, karani wa kaunta anajua, wateja wanajua njia. Wewe utakuja kukalia kiti tu uhesabu pesa."

Niliyaamini maneno hayo kwa sababu niliyaona kwa macho yangu. Nilikaa pale Ijumaa moja kutoka asubuhi hadi jioni. Wote ni makao makuu ya kaunti ya Makueni, na saa saba mchana wafanyakazi wa ofisi za serikali walijaa mle ndani wakisukumana na wanafunzi. Mpishi alikuwa akigeuza kuku huku akiimba. Karani alikuwa akitoa risiti bila hata kutazama mashine. Nilijiambia kwamba hiki ndicho kitu nilichokuwa nikikitafuta. Tukakubaliana shilingi 950,000. Wakili akaandika kila kitu: meza 8, viti 32, majokofu mawili, mashine ya kukaangia, na jina jema la biashara. Neno mafunzo halikuwamo, na mimi sikuliuliza.

Jumatatu yangu ya kwanza nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimejifunga leso mpya. Mpishi hakuja. Ilipofika saa tatu nikampigia simu, naye akanijibu kwa adabu sana, "Samahani, mama. Mimi nimehamia Emali na mzee." Karani wa kaunta naye vivyo hivyo. Kumbe mzee hakuwa amechoka hata kidogo. Alikuwa akifungua hoteli yake mwenyewe huko Emali kando ya barabara ya Mombasa, ambako magari makubwa husimama usiku na mchana. Nilimwendea wakili nikiwa na hasira. Akafungua ile orodha, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha akaniuliza kwa upole, "Watu wameandikwa wapi hapa, mama?"

Hapo ndipo fahamu zilinirudia. Lile duka nililoliona Ijumaa, ule wimbo wa mpishi na zile risiti za haraka, hayo hayakuwa mali ya duka. Yalikuwa ndani ya vichwa vya watu wawili, na vichwa hivyo vilipanda matatu vikaenda zao. Mimi nilibaki na meza 8.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya kampuni ya Nairobi. Ada ya kuhamisha jina nilikuwa nimeitarajia, wakili alinieleza. Ibara ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Ilisema kwamba mmiliki mpya, pamoja na mpishi na karani wa kaunta ambao hawana cheti cha kampuni, ni lazima wahudhurie mafunzo ya siku 12 Nairobi kabla ya duka kuruhusiwa kuuza tena kwa jina lao. Gharama ni juu ya mmiliki.

Sasa chukua kalamu, msomaji, tuhesabu pamoja, maana mimi nilihesabu peke yangu usiku na sikutaka kuamini. Ada ilikuwa shilingi 45,000 kwa kila mtu. Watu watatu ni 135,000. Wengi wetu tungeishia hapo na kusema hiyo ndiyo gharama ya mafunzo. La hasha. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi kwa watu watatu, 3,000. Mimi nilikuwa na pa kulala, lakini nyumba yetu ya Umoja ni ya vyumba viwili na sisi tu watano, kwa hiyo wale vijana wawili niliowaajiri niliwalipia chumba kila mmoja kwa 800 kwa usiku, siku 12, jumla 19,200. Chakula na matatu za mjini, 300 kwa siku kwa kila mmoja, 7,200. Mishahara yao kwa siku ambazo hawakuuza hata kipande cha chipsi, 10,800. Kodi ya duka lililofungwa, ambayo mwenye jengo hakuniachia hata senti, 12,000. Tuliporudi tukaharibu kuku 40 wiki ya kwanza kwa kujaribu, wengine wakiwa wabichi karibu na mfupa, wengine wakiwa makaa. Hao ni 16,000. Jumla ni shilingi 203,200. Hapo sijataja wateja ambao siku 12 walikuta mlango umefungwa wakajifunza kula kwingine. Wengine hawakurudi mpaka leo.

Ni lazima niseme ukweli hata kama unanichoma: mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri. Nilikwenda pale nimenuna, nikidhani nitafundishwa kukaanga kuku, mimi ambaye nimelisha familia miaka yote hiyo. Siku ya pili mwalimu, msichana mdogo kuliko wadogo zangu wote, alinionyesha kwamba mafuta nyumbani huwa nayakisia kwa kutupia kipande cha kitunguu, ilhali dukani yanatakiwa yakae kati ya nyuzi 170 na 180 za Selsiasi, na kwamba nyama ya kuku ndani kabisa ni lazima ifike nyuzi 74 ndipo iwe salama. Alitufundisha kuyeyusha kuku ndani ya jokofu badala ya kumwacha juu ya meza. Alitufundisha kupima chipsi kwa mizani. Hilo la mizani lilinitoa jasho, kwa sababu alinipigia hesabu ya gramu 30 zinazozidi kwenye kila sahani, sahani 100 kwa siku, na kilo 3 za viazi zikawa zimekwenda na upepo kila jua linapotua. Kampuni ina haki ya kudai hayo. Mteja akiugua tumbo Wote, jina linaloharibika ni la duka la Nairobi pia. Hata wale McDonald's wa Marekani walianzisha chuo chao cha kufundishia wenye maduka mwaka wa 1961, katika chumba cha chini ya mkahawa mmoja jimboni Illinois.

Kwa hiyo sikulalamikia kufundishwa. Nililalamikia kwamba nilikuwa nimekwisha kulipa bei ya duka lenye watu waliofundishwa, kisha nikalipa tena kuwafundisha wengine, na hakuna mtu katika mpango ule wote, si muuzaji, si wakili, si mimi mwenyewe, aliyeuliza mapema zile pesa zitatoka mfuko gani.

Zilitoka mfuko wa mwanangu. Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2017 na akapata nafasi chuoni, aanze Septemba 2018. Tulikuwa tumemwekea shilingi 180,000 katika Sacco. Nilimwita usiku mmoja wa Agosti nikamwonyesha ile karatasi ya hesabu. Babake alikaa kimya akitazama ukuta. Mtoto alisoma kutoka juu hadi chini, akarudia, halafu akaniuliza, "Mama, chuo kinaweza kungoja?" Sikumjibu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kuomba aahirishe masomo, na wiki iliyofuata alikuwa Wote nyuma ya duka, amekalia ndoo, akimenya viazi. Siku wenzake walipokuwa wakituma picha za siku yao ya kwanza chuoni, nilimkuta ameigeuza simu kifudifudi juu ya gunia.

Ungedhani balaa limekwisha. Wiki 10 baada ya kurudi kutoka mafunzoni, mpishi wangu aliniaga. Hoteli moja ya mjini Kitui ilimwahidi 21,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nikimlipa 15,000. Alichukua cheti chake kilichowekwa katika fremu ukutani, akakifuta vumbi kwa shati, akaondoka nacho. Nilikuwa nimekilipia mimi. Mwaitu aliposikia aliuza mbuzi wanne bila kuniambia, akanitumia pesa kwa simu, na pesa hizo zikawa nusu ya ada ya mpishi wa pili. Wengine wameniuliza mbona sikumfunga mpishi yule wa kwanza kwa mkataba kwamba akiondoka kabla ya mwaka arudishe ada. Nilifikiria. Lakini mtu wa 15,000 utamdai 45,000 umkamate wapi? Ningekuwa na akili ningemwongeza mshahara mapema. Nyongeza ya 4,000 kwa mwezi ingechukua karibu mwaka mzima kufikia ada ya kumfundisha mwingine, achilia mbali chumba na nauli.

Sasa nivuke mto nikupeleke Kitui, kwa ndugu yangu mdogo. Yeye hakufika mbali shuleni, na katika familia ndiye tuliyekuwa tukimwonea huruma. Mwaka wa 2014 alinunua kibanda cha M-Pesa mjini Kitui kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akihamia Mombasa. Biashara ya wakala wa M-Pesa si fransaizi kamili, lakini ni binamu yake: jina ni la kampuni, taratibu ni za kampuni, nawe unapata kamisheni. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, na mtu akiitazama kutoka nje huona kwamba ni kupokea pesa na kubonyeza simu. Ndugu yangu aliitazama kutoka nje kwa wiki mbili, akiwa ameegemea baiskeli ng'ambo ya barabara, kisha akatoa masharti ambayo sisi wasomi tuliyacheka. Bei ilikuwa 180,000. Alisema atalipa 130,000 siku ya kwanza, na zile 50,000 azilipe baada ya siku 30, ikiwa msichana aliyekuwa akihudumu pale atabaki naye mwezi huo mzima na mama mwenyewe apatikane kwa simu. Mshahara wa msichana, 8,000, alikubali kuulipa yeye. Yule mama alinung'unika, akakubali.

Mwezi ule ulikuwa chuo chake. Alijifunza kwamba floti, yaani salio la kwenye simu, na pesa taslimu za kwenye droo ni kama maji ya mitungi miwili. Ukijaza huu, ule unapungua, na wiki ya kufungua shule wazazi hufuta mtungi mmoja kabla ya saa nne. Alijifunza kudai kitambulisho hata kwa jirani, na kuandika kila kitu kitabuni. Siku ya tatu akaja kijana amevaa vizuri, akamwonyesha kwenye simu yake ujumbe kwamba amekwisha kutoa shilingi 20,000. Ndugu yangu alikuwa tayari ameanza kuhesabu noti. Msichana alimkanyaga mguu chini ya meza. "Kaka, usiangalie simu yake," alimnong'oneza, "angalia yako." Katika simu ya duka hapakuwa na ujumbe wowote. Kijana alipotea sokoni. Ule mguu uliokanyagwa ulimwokolea ndugu yangu pesa kuliko mshahara wa miezi miwili wa yule msichana.

Nilipomsimulia habari za Wote hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Aliniuliza tu, "Dada, ulilipa zote siku moja?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya mambo haya jinsi wengine wanavyosoma riwaya. Marekani wana kanuni ya tangu mwaka wa 1979 inayoilazimisha kampuni kumpa mnunuzi wa fransaizi kitabu cha maelezo. Siku hizi ni lazima akipate angalau siku 14 kabla hajatia sahihi wala kulipa, na ndani yake kuna vifungu 23, kimojawapo kikieleza mafunzo: ni ya siku ngapi, yanafanyika wapi, nani analipa. Nilipolisoma hilo nilisema laiti ningekuwa huko. Halafu nikasoma zaidi. Hata huko, ukinunua duka kutoka kwa mtu aliyekwisha kulimiliki, na kampuni haikujihusisha sana na mauzo hayo, kanuni hiyo hailazimishi upewe kitabu. Mnunuzi wa duka kuukuu husahauliwa kila mahali. Hapa kwetu Kenya hatuna sheria maalumu ya fransaizi. Ulinzi wako ni ule mkataba uliotia sahihi, na kisichoandikwa humo utakilia peke yako, kama nilivyolia mimi.

Jambo jingine nililochelewa kulijua ni la ile tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inayokwenda kwa mamlaka ya NITA. Wengi tunailipa tukidhani ni kodi kama nyingine. Kumbe mwajiri anayelipa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama za kuwafundisha wafanyakazi wake, mradi mafunzo yawe yameidhinishwa na mamlaka hiyo kwanza. Mimi niliuliza wakati kuku wangu 40 walikuwa wamekwisha kuungua. Wewe uliza mapema.

Kwa mpishi wa tatu nilikuwa nimeerevuka. Niliiandikia kampuni nikiomba kwamba, kwa kuwa mimi nina cheti, niruhusiwe kufundisha watu wangu papo hapo dukani, na wao watume mtu wa kuwatahini. Walikubali, na ada ya mtihani ni 5,000. Hivyo ndivyo mafundi wetu wamefanya miaka yote. Wachongaji wa Wamunyu, ambao sanaa yao inasemekana ilianza na Mutisya Munge aliyejifunzia Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, hawakupelekana mahali popote kulala kwa 800 kwa usiku. Mwanafunzi alikaa kando ya fundi akisugua kinyago kwa msasa, na kazi yake ndiyo ilikuwa ada. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa yule mmenya viazi. Alipita mtihani, akakaanga kuku hadi Agosti 2019, na Septemba akaingia chuoni, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mwaka wa 2020 ulimrudisha nyumbani pamoja na wanafunzi wote nchini, akavaa aproni tena. Siku hizi ana kazi yake, lakini akija Wote hawezi kupita kando ya mizani bila kupima chipsi za mtu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Nairobi, amestaafu mapema, ana bahasha yake kama niliyokuwa nayo. Alikaa Ijumaa nzima kwenye meza ya pembeni akitazama foleni. Jioni akaniuliza kama ninaweza kumwuzia duka, na kwa bei gani. Nilikwenda nyuma nikaleta karatasi. Juu kabisa niliandika jina la mpishi na la karani wa kaunta, mishahara yao, na kwamba ni lazima azungumze nao yeye mwenyewe, mimi nikiwa sipo. Chini yake niliandika ada ya mafunzo ya kampuni, siku 12, vyumba, nauli, kodi ya duka likifungwa, na kuku 40. Kisha nikaandika kwamba nitabaki naye kaunta siku 30 na kwamba robo ya bei asinilipe hadi siku hizo ziishe. Mahali pa bei niliacha wazi.

Alisoma taratibu. Alipofika kwenye kuku 40 aliinua macho akanitazama, akadhani namfanyia mzaha.

"Hao kuku ni wa nini, mama?" akaniuliza.

Nikavuta kiti nikakaa.